Moto Mkono Huu, Chuma Mkono Ule

Hoja iliyo mezani ni hii. Mtu ana karakana ndogo uani kwake: mashine ya rodi, grenda, vaisi, na meza ya chuma aliyoiunda mwenyewe. Ananunua mashine ya TIG, inayochomelea kwa arki ya ncha ya tungsteni ndani ya gesi ya kinga, na kuanza kuijaribu kwenye kazi zake za nyumbani. Je, amepata chombo au amepata pambo? Mimi nashikilia kwamba amepata chombo, tena kinachoifaa karakana ya nyumbani kuliko karakana ya mageti iliyo kando ya barabara, na sababu yangu haihusu uzuri wa mshono. Rodi imefunga mambo mawili pamoja, moto na chuma cha kujazia: huwezi kupata kimoja bila kingine. TIG inayatenganisha, na kwa kuyatenganisha inaweka wazi makosa ambayo njia nyingine huyafunika. Hoja hii ina wapinzani, na wengi wao wanakula kwa kuchomelea, kwa hiyo si watu wa kupuuzwa. Waseme wao kwanza, kila mmoja kwa sauti yake, nami nitajibu.

Fundi wa mageti anaanza: “Ndugu yangu, mageti ya mtaa huu tumeyajenga kwa rodi. Rodi haitaki mtungi, haiogopi upepo, na chuma kikiwa na kutu kidogo inapita tu. Wewe na hiyo TIG yako utakaa asubuhi nzima kwenye kiungo ambacho mimi nimekimaliza kabla chai haijapoa. Sasa niambie, ni kazi gani hiyo inayoishinda rodi?”

Mzee wangu, kwa geti sikupingi hata kidogo. Anayeunga fleti za milimita 6 nje, upepo wa kusi ukivuma na mteja amesimama pembeni, ashike rodi. Lakini swali lako lina jibu, na jibu linaanza na unene. Paipu za mraba tunazonunua kwa samani na fremu ndogo mara nyingi ni za geji 18 na geji 16, yaani takriban milimita 1.2 na 1.5. Rodi ya kawaida ya E6013 yenye kipenyo cha milimita 2.5 hutaka kama ampea 60 hadi 90 ili iwake vizuri. Ukishusha chini ya hapo inanata. Mafundi wa TIG wana kanuni ya mkono kwamba chuma cha kawaida kinataka takriban ampea 40 kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo paipu ya milimita 1.2 inaridhika na ampea 48 hivi. Maana yake rodi hiyo huanza kuwaka vizuri pale ambapo paipu imekwisha kupewa moto kupita kiasi. Ndiyo sababu fundi hodari wa rodi huunga paipu nyembamba kwa kugusagusa: anawasha, anaacha, anawasha tena, akiwahi kuziba tundu kabla halijafunguka. Huo ni ustadi wa kweli nami nauheshimu, ila ni ustadi wa kushindana na chombo. Kwenye TIG arki inatoka kwenye ncha ya tungsteni, metali inayoyeyuka kwenye nyuzi 3,400 za Selsiasi na zaidi ilhali chuma huyeyuka kwenye 1,538, kwa hiyo ncha inabaki na kinachoyeyuka ni kazi yako. Mkono mmoja unaleta moto, mkono wa pili unaleta waya wa kujazia pale tu unapohitajika, na kama mashine ina pedali, mguu unapandisha na kushusha moto huku kazi ikiendelea. Mashine nyingi za inveta hushuka hadi ampea 10 au chini ya hapo. Kwa rodi hakuna mlango wa kuingilia huko.

Njia hii yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya metali iliyoshindikana. Mwaka 1941 Russell Meredith, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha ndege cha Northrop huko California, alitafuta namna ya kuunga magnesi, metali nyepesi inayoweza kushika moto ikiyeyuka hewani. Aliwasha arki kwa ncha ya tungsteni ndani ya heli, gesi isiyochangamana na kitu, na hataza yake ikatolewa mwaka 1942. Baadaye agoni ikachukua nafasi ya heli katika kazi nyingi, lakini mashine zilibaki viwandani kwa miaka mingi kwa sababu zilikuwa transfoma nzito zenye kiu ya umeme. Kilichozileta uani ni inveta. Badala ya kupitisha umeme wa hezi 50 moja kwa moja kwenye transfoma kubwa, inveta huukatakata mara makumi ya maelfu kwa sekunde, na kwa kasi hiyo transfoma ndogo inatosha. Kampuni ya Kemppi ya Ufini ilitoa mashine yake ya inveta mwaka 1977. Leo mashine ya aina hiyo hubebwa kwa mkono mmoja na kuchomekwa kwenye umeme wa nyumbani. Kwa hiyo anayesema TIG ni mali ya viwanda vikubwa anasimulia hali iliyokwisha pita. Vizuizi vipo, lakini viko kwingine, na tutavifikia.

“Haya,” anasema fundi, “paipu nyembamba nakuachia. Lakini watu wa TIG nimewaona: wanasugua muda mrefu kuliko wanavyochomelea. Mteja hanilipi kwa kusugua.”

Hapo ndipo penye kiini cha ubishi wetu, nami naomba nikae hapo kidogo. Rodi imevikwa dawa inayoungua pamoja nayo. Dawa hiyo hutoa gesi ya kukinga na slagi ya kunyonya uchafu. Ndiyo maana inavumilia rangi kidogo, mafuta kidogo na kutu kidogo. Uvumilivu huo una gharama yake, nayo ni kwamba slagi inafunika. Ukiibomoa kwa nyundo unaweza kukuta mshono uliojaa na kunyooka, na chini yake chuma cha pande zote mbili hakikuyeyuka. Umelala juu tu. TIG haina dawa wala slagi. Ukiacha mafuta, dimbwi la chuma kilichoyeyuka linatokota mbele ya macho yako. Ukiacha kutu, mshono unatoka wa kijivu na vitundu. Paipu iliyopakwa zinki ndiyo mbaya zaidi: zinki huchemka kwenye nyuzi 907, chuma kikiwa bado kigumu, na mvuke wake unapasuka kupitia kwenye dimbwi na kuichafua ncha ya tungsteni hadi ulazimike kusimama na kuinoa upya. Fundi wa mageti anaona hayo kuwa usumbufu, na kwa biashara yake ana haki, kwa kuwa anauza saa. Mwenye karakana ya nyumbani hauzi saa. Anajenga rafu ya vitabu, kiti cha bustani, fremu ya kubebea mizigo kwenye baiskeli, na muda anaotumia kusugua haumwondolei mteja yeyote. Kile kinachoifanya TIG iwe hasara barabarani kinakuwa faida uani, kwa sababu mashine inamkatalia mtu kazi chafu papo hapo, wakati bado anaweza kuirekebisha, badala ya kumwachia kiungo kinachovunjika miezi kadhaa baadaye mtoto akiwa amekikalia.

Kutokana na hayo, naona wengi wanaijaribu mashine mpya kwa njia isiyofaa. Wanachukua kipande cha bati nene, wanapitisha mshono mmoja juu yake, wanautazama unavyong’aa na mawimbi yake madogo yaliyopangana sawasawa, na kuhukumu kwamba mashine ni nzuri. Mawimbi hayo yanaonyesha tu kwamba mkono ulichovya waya kwa mpigo ulio sawa. Hayasemi lolote kuhusu kilichotokea chini. Kipimo cha haki ni kuunga vipande viwili kwa umbo la T, upande mmoja tu, kisha kukifunga kimoja kwenye vaisi na kukipiga cha pili kwa nyundo kuelekea upande wenye mshono mpaka kilale au kivunjike. Kikivunjika, tazama mzizi wa mshono: kona ya chuma ikiwa bado imesimama na ukingo wake mkali, moto haukufika, hata kama juu pamependeza. Kiungo cha kubutana kikatwe kwa msumeno, kisuguliwe kwa msasa laini, nacho kitasimulia habari zake. Kwa stenlesi, rangi yenyewe inatoa ushahidi: rangi ya dhahabu iliyofifia inamaanisha kinga ilitosha na moto ulikuwa wa kiasi, bluu inaonya, na kijivu kilichokolea kinasema chuma kimeungua. Ncha ya tungsteni nayo ina lake la kusema. Ikipoa ikiwa inang’aa kama fedha, gesi ilibaki ikitoka muda wa kutosha baada ya arki kuzimwa. Ikigeuka bluu au nyeusi, gesi ilikatwa mapema, na kanuni ya mkono ni kuiacha itoke kama sekunde moja kwa kila ampea 10 ulizotumia. Hakuna kipimo kati ya hivi kinachohitaji maabara. Vinahitaji tu mtu aliye tayari kuharibu kazi yake ya kwanza kwa makusudi, na ni nadra kuwapata watu hao, maana kila mmoja anataka kumaliza kiti.

Mwalimu wa uchomeleaji ana pingamizi la aina nyingine: “Mwanangu, tunaanza na rodi kwa sababu ajira ziko kwenye rodi, na mwanafunzi asiyejua kushika arki fupi kwa rodi atachovya tungsteni kwenye dimbwi kila sekunde. Usimpe mtoto kalamu ya wino kabla hajazoea penseli.”

Mwalimu, kwa anayetafuta ajira nakubali, maana chuo kinamwandaa kwa soko. Lakini madai kwamba mkono lazima upitie rodi kwanza hayathibitishwi na historia ya ufundi wenyewe. Mafundi wa bodi za magari waliokulia kwenye gesi ya oksijeni na asetilini walishika tochi mkono huu na waya mkono ule, wakasubiri kingo mbili ziyeyuke na kuungana, ndipo wakachovya waya. Mwendo huo ndio wa TIG, na wengi wao wanapoishika huizoea upesi kuliko fundi wa rodi, ambaye mkono wake umezoeshwa kusukuma mbele kadiri rodi inavyopungua. Zaidi ya hapo, mwanafunzi wa rodi anatazama dimbwi lililofichwa na moshi na slagi inayoogelea juu yake. Kutofautisha slagi na chuma ni somo zima linalochukua muda. Kwenye TIG dimbwi liko wazi. Mtu anaona ukingo wa kushoto umeyeyuka na wa kulia bado, akageuza tochi kidogo. Jicho linajifunza kabla ya mkono. Kwa asiye na haraka ya mshahara, mpangilio huo una mantiki yake.

Sauti inayofuata inatoka ndani ya nyumba, na ni ya mama: “Baba watoto, ile ya rodi ikiwashwa taa zinafifia. Na hii mpya je? Luku nimenunua juzi tu.”

Swali la mama lina majibu ya hesabu, tena yanaelekea upande wake. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60974 kinachotumika kupimia mashine hizi huchukulia kwamba arki ya rodi inahitaji volti 20 pamoja na asilimia 4 ya idadi ya ampea, na arki ya TIG volti 10 pamoja na asilimia hiyohiyo. Kwa ampea 100, rodi ni volti 24, sawa na kilowati 2.4, TIG ni volti 14, sawa na kilowati 1.4. Kwa ampea 50 za paipu nyembamba TIG inataka wati 600, ukiongeza kidogo kwa ajili ya upotevu ndani ya mashine. Soketi ya ampea 13 inabeba takriban kilowati 3, kwa hiyo kazi nyingi za nyumbani zinaingia humo bila kugusa nyaya za ukutani. Kwa ampea 200 hadithi inabadilika, maana ni kilowati 3.6 kabla ya upotevu, na hapo lazima fundi umeme avute waya wake mnene na swichi yake. Hesabu hiyohiyo ni silaha ya mnunuzi dukani. Mashine ikiandikwa ampea 250 za TIG, inadai volti 20, yaani kilowati 5. Kibao chake cha nyuma kikisema inavuta ampea 15 tu kwenye volti 230, ambazo hazifiki kilowati 3.5, basi maandishi mawili ya mashine moja yanapingana, na mnunuzi aamini ya nyuma. Atazame pia asilimia ya muda wa kazi: asilimia 60 inamaanisha dakika 6 katika kila dakika 10, na kipimo hicho hufanywa kwenye joto la nyuzi 40, si mbali na joto la banda la mabati mchana wa Februari.

“Kaka, umeme si tatizo langu,” anaingilia mnunuzi. “Tatizo ni mtungi. Mashine nalipa mara moja. Gesi nalipa mpaka lini? Na kama gesi ni gesi, kwa nini nisitumie ya kaboni dioksidi, inayotoka ardhini kwetu huku?”

Hili ndilo pingamizi lenye uzito kuliko yote, na yeyote anayeitetea TIG bila kulijibu anauza ndoto. Nianze na mwisho wake. Kaboni dioksidi kweli inavunwa kutoka ardhini huko Rungwe nchini Tanzania na Kereita nchini Kenya, na inafaa mashine za waya wa kusukumwa, lakini kwenye TIG inaua. Joto la arki huivunja, oksijeni inatoka, na oksijeni hula tungsteni iliyo moto hadi ncha isambaratike. Mitungi ya mchanganyiko wa agoni na kaboni dioksidi ina kasoro hiyohiyo. TIG inataka agoni tupu. Agoni ni chini kidogo ya asilimia 1 ya hewa tunayovuta, na hutenganishwa kwa kuigandamiza na kuipoza hewa mpaka iwe kimiminika, kisha kuichemsha kwa hatua; agoni huchemka kwenye nyuzi 186 chini ya sifuri, karibu sana na oksijeni, kwa hiyo kuitenga ni kazi ya mitambo mikubwa. Ndiyo sababu inapatikana miji mikubwa, kwa wauza gesi wachache, na mtungi husafiri. Sasa tuje kwenye matumizi. Mtungi wa lita 10 ukijazwa kwa shinikizo la ba 150 unatoa lita 1,500 hivi. Kwa mtiririko wa lita 8 kwa dakika, hizo ni dakika 187, saa tatu za arki inayowaka. Saa tatu zinaonekana chache, lakini ni saa za arki peke yake, na kwenye karakana ya nyumbani muda mwingi ni wa kupima, kukata, kusugua na kufunga klampu. Mtungi wa lita 50 wenye ba 200 unafika lita 10,000, zaidi ya saa ishirini za arki, na kwa mtu wa mwisho wa juma hiyo ni miezi mingi. Kinachowafilisi wengi ni uvujaji: kiungo cha mpira kilicholegea kidogo kinamaliza mtungi usiku mtu amelala. Dawa yake ni maji ya sabuni kwenye kila kiungo, na kufunga mtungi kila kazi inapokwisha. Kosa la pili ni kufungua gesi nyingi kwa imani kwamba nyingi inakinga zaidi. Ikizidi inatoka kwa msukosuko, inavuta hewa ya pembeni na kuiingiza kwenye dimbwi, na mtu anaongeza tena akidhani haitoshi. Nakubali basi kwamba agoni ni kodi ya kudumu. Ninachosema ni kwamba ihesabiwe siku ya kununua mashine, pamoja na mtungi na regulata, kama sehemu ya bei. Asiyeweza kulipa vyote hajafikia kununua TIG, na si aibu.

Kijana wa pikipiki anauliza kwa ufupi: “Bosi, kava la injini limepasuka, ni alumini. Hii itaunga?”

Itategemea mashine ipi, na hapa wauzaji wanawaumiza watu kwa kunyamaza. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini imevaa utando wa oksidi unaoyeyuka kupita nyuzi 2,000. Kwa umeme wa DC wa kawaida, tungsteni ikiwa upande hasi, joto kubwa linaelekea kwenye kazi, kama asilimia 70, lakini utando haupasuki. Alumini inayeyuka ndani ya mfuko wake yenyewe. Inahitajika AC: nusu ya mzunguko inapasua utando, nusu nyingine inayeyusha. Mashine ya DC pekee, ambayo ndiyo nyingi na rahisi, haitaunga alumini kwa namna ya kutegemewa hata fundi akiwa nani. Na hata mwenye AC asianze na kava hilo. Ni alumini ya kumimina iliyokunywa mafuta ya injini kwa miaka, na mafuta hayo yatatoka yakitokota kila arki inapogusa. Kwa majaribio ya mwanzo nachagua chuma cha kawaida cha milimita 2 hivi, kisha paipu za geji 16, kisha stenlesi nyembamba, ambayo inafundisha adabu ya moto kwa sababu inapitisha joto kidogo sana kuliko chuma cha kawaida na kutanuka karibu mara moja na nusu zaidi, hivyo inapinda ukizembea. Kava la pikipiki lije mwisho, baada ya vipande vingi vya alumini safi.

Muuguzi wa zahanati hana muda wa ampea: “Wanangu, sisi tunawapokea usiku, macho mekundu, wanasema yamejaa mchanga. Mnasema hii haina moshi. Basi ni salama?”

Hapana, shangazi, na naomba wenye mashine mpya wasikilize jibu hili kuliko yote yaliyotangulia. Moshi mchache ni kweli, lakini ukosefu wa moshi unaacha mwanga wa urujuanimno utoke bila kizuizi, na stenlesi na alumini zinaurudisha usoni na shingoni. Shati la mikono mifupi ni jeraha linalosubiri. Mwaka 2017 kikao cha wataalamu wa IARC, taasisi ya saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, kiliuweka moshi wa kuchomelea, na mwanga huo wa urujuanimno pia, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Moshi wa stenlesi unabeba kromiamu ya hatari. Tungsteni yenye utepe mwekundu ina toriamu, madini yenye mionzi, na hatari yake kubwa iko kwenye vumbi unapoinoa. Zipo zenye lanthanamu au seriamu, zinafanya kazi hiyohiyo, na sioni sababu ya kununua nyekundu. Dawa za kusafishia breki zenye klorini zisikaribie meza kabisa, kwa kuwa arki huzigeuza kuwa fosjini, gesi iliyoua askari katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Asetoni inatosha kusafishia, ikiachwa ikauke na chupa yake ikawekwa mbali na moto. Na upo mtego ambao TIG inautega yenyewe. Kwa kuwa upepo unapeperusha gesi ya kinga, mtu anafunga mlango na madirisha. Agoni ni nzito kuliko hewa kwa zaidi ya theluthi, haina harufu wala rangi, na katika chumba kidogo au shimo inalala chini na kusukuma hewa nje bila mtu kuhisi. Suluhisho ni kizuizi cha upepo, pazia zito au ubao uliosimamishwa karibu na kazi, huku mlango ukibaki wazi. Mtu asiyeweza kupanga hivyo uani kwake afanye kazi kwa rodi, nje.

Mnunuzi anarudi na neno lake la mwisho: “Nimeelewa. Lakini mimi niko mji mdogo, muuza agoni wa karibu ni safari ya siku nzima kwa basi, na basi halipakii mtungi wa gesi.”

Basi usinunue TIG kamili, kaka, hata kama fedha unazo. Nunua inveta nzuri ya rodi ya DC, yenye ampea 160 hivi, ambayo kitabu chake kinasema wazi kwamba inakubali tochi ya TIG ya kuwasha kwa kugusa na kuinua. Ziko nyingi, na tochi yenye valvu yake ya gesi hununuliwa baadaye. Tumia rodi za milimita 2 kwa paipu zako nyembamba, uzizoee, uvunje vipande vya T kwenye vaisi kama nilivyoeleza, kwa sababu kipimo hicho hakijali mshono umetoka mashine gani. Siku muuza gesi atakapofungua duka wilayani kwako, utahitaji mtungi, regulata na tochi tu.